Kamba ya Jumapili

Jumapili, misa ya pili ikishatoka, wenye pikipiki za zamani wa Kamina huzisukuma kwa mkono kutoka nyumbani mpaka kwenye kamba inayofunga njia ya mashindano. Hawaziwashi njiani. Mashine ya umri ule haichezewi, na esanse, yaani petroli, haiokotwi barabarani, kwa hiyo utamwona mwanaume mzima mwenye shati la kanisani anasukuma Saroléa, nyuma yake mwingine na FN, nyuma yake mwingine na Jawa isiyo na taa, wote jasho linawatoka kabla hata mashindano hayajaanza. Wauza mikate ya mafuta huwafuata. Watoto huisalimia pikipiki kwanza, mwenyewe baadaye.

Karibu wote ni watoto na wajukuu wa reli. Babu alikuwa fundi kwenye depo, Mzungu wake akaondoka kwa haraka, akaacha nyuma mke wa kupanga, mbwa, na pikipiki. Mke na mbwa walijitafutia maisha. Pikipiki ikabaki kwa fundi, na tangu siku ile jamaa zake hawakupata amani, kwa sababu kipuri chake hakipatikani popote duniani, lazima kichongwe.

Njia wanayokimbilia ni moja tu. Inaanza mwisho wa mtaa wa reli na kupanda juu ya tuta la zamani, kulia reli, kushoto bwawa la matete, mpaka kwenye mnara wa maji ambako zamani treni za mvuke zilikuwa zikinywa. Ni nyembamba. Wawili hawawezi kupishana bila mmoja kuingia bwawani, kwa hiyo wanakwenda mmoja mmoja, anazunguka mnara, anarudi, na mzee Yav, mkuu wa stesheni mstaafu, anaangalia saa yake. Mshindi wa mwaka anapewa fanali, taa ya treni, analala nayo chumbani mpaka mwaka ujao.

Na kwa kuwa ni watu wa reli, wanaiongoza njia hiyo kama reli yenyewe. Ipo fimbo ya njia, kipande cha mti mgumu chenye pete ya shaba, ambacho zamani dereva wa treni alikabidhiwa kabla ya kuingia kwenye njia ya treni moja. Mwenye fimbo yumo ndani. Fimbo isiporudi, kamba haishuki, na hakuna anayeingia, iwe pikipiki, iwe baiskeli, iwe mtu kwa miguu. Mbuzi tu ndio waliowashinda.

Upande huu kamba ilishikwa na Kabamba. Upande wa mnara ilishikwa na Théo. Hospitali iko ng'ambo ya mnara, upande wa Théo.

Siku nyingine zote, hiyo ndiyo njia ya kila mtu. Jumapili ya mashindano, mwenye mgonjwa anazungukia kwenye kivuko cha reli. Shida ni pale treni ya mizigo inapokuwa imesimama juu ya kivuko ikingoja kichwa cha treni kitoke sijui wapi. Inaweza kusimama mpaka ndege wakajenga viota kwenye mabehewa. Hilo nalo lilijulikana, na kila mmoja aliomba Mungu lisimkute.

Numbi alikuwa mdogo wake Kabamba, tumbo moja. Alifanya kazi ya kuchomelea vyuma kwenye depo, na Saroléa ya babu yao ilikuwa kwake kwa sababu Kabamba mguu wake mmoja haukunjiki. Mke wa Numbi aliitwa Béthanie. Walikaa miaka mingi bila mtoto, na mimba zilizokuja ziliondoka zenyewe, mpaka ikaja hii moja ambayo ilikubali kukaa. Béthanie aliibeba mimba ile taratibu kama mtu aliyebeba mayai ya watu. Numbi hakuwahi kupenda kitu kama alivyolipenda lile tumbo, na alilisemesha kila asubuhi bila aibu, jirani akisikia na asikie.

Jumapili ya tukio lenyewe ilikuwa ya kiangazi. Numbi alipokea fimbo kwa kaka yake, akaichomeka kwenye mkanda, akaondoka vizuri kuliko alivyowahi kuondoka. Simu yake aliiacha kwenye kikapu chini ya meza ya mzee Yav pamoja na simu za wenzake, kwa sababu njia ya tuta ina mashimo na simu nyingi zilishaingia bwawani. Alipopita kona, pale ambapo wa kwenye kamba hawakuoni tena, mashine ikakohoa, ikazimika. Kabureta imeingia uchafu.

Sheria yao iko wazi. Anayerudi anasukuma amejitoa. Numbi hakutaka kujitoa, maana kwa mwendo aliokuwa nao fanali ilikuwa yake. Akakaa kwenye majani, akafungua kabureta, akaanza kuisafisha kwa unyoya wa kanga aliokuwa akiuweka mfukoni kwa kazi hiyo.

Wakati huohuo Lise, dada yake Béthanie, alifika kwenye kamba akisukuma baiskeli. Béthanie alikuwa amekaa nyuma kwenye kiti cha mizigo, miguu upande mmoja, amekumbatia furushi lake la uzazi. Uchungu ulianza kanisani, na damu ikafuata. Walishajaribu kwenye kivuko, treni imesimama palepale, mabehewa yameshikana mpaka mbali, na mwanamke wa hali yake hawezi kupita chini ya behewa. Lise akamwambia Kabamba ashushe kamba.

Kabamba hakushusha. Alisema njia iko na mtu. Alisema kwa sauti ya chini, na alikuwa anamtazama shemeji yake usoni. Alipiga simu ya mdogo wake, ikalia ndani ya kikapu chini ya meza. Akapiga honi kubwa ya reli, mara nyingi. Numbi kule kwenye majani aliisikia, akadhani wanamhimiza, akainua mkono kuwajibu ingawa hakuna aliyeweza kuuona. Mzee Yav alisimama kando ya Kabamba, kofia mkononi. Wenye pikipiki wengine walisimama. Watu zaidi ya nusu ya mtaa walikuwa pale na hakuna aliyekata kamba, na ilikuwa kamba ya katani tu, ya kufungia mbuzi.

Kabureta ikasafika. Mashine ikawaka. Pale alipokuwa, Numbi angeweza kugeuza. Hakugeuza. Alikwenda kwanza mpaka kwenye mnara, akauzunguka, ndipo akarudi, kwa sababu mashindano ni kuzunguka mnara.

Alipofika kwenye kamba akamkabidhi kaka yake fimbo. Kabamba aliipokea, akashusha kamba kama inavyotakiwa. Béthanie alikuwa amelazwa juu ya kikwembe cha Lise, kitenge chake cha kujifunga, pembeni ya njia, ameshakufa, mtoto yumo ndani. Kabamba alikuwa amelia muda wote akiwa ameishika kamba ile, na hakuiachia.

Wakamzika. Kilio kilikuwa kikubwa, watu wa depo walikuja, hata wafanyabiashara Waislamu wa sokoni walileta mchele. Hakuna aliyemlaumu Kabamba, na hakuna aliyemlaumu Numbi. Hilo ndilo lililomtesa Numbi zaidi. Alitamani mtu mmoja amtukane, akakosa.

Mashindano yaliporudi baada ya matanga, Numbi alisukuma Saroléa mpaka kwenye kamba kwa sababu hakujua afanye nini kingine siku ya Jumapili. Kabamba alimpa fimbo. Hapo Béthanie akatoka pembeni ya njia, pale kilipokuwa kimetandikwa kikwembe, akapanda nyuma ya mume wake, miguu upande mmoja, furushi lake mapajani. Tumbo lilikuwa vilevile. Springi za nyuma zikashuka. Wauza mikate wakamsalimia, naye akaitikia.

Mmoja wa wenye FN aliuliza kama watu wawili kwenye mashine moja inaruhusiwa. Lilikuwa swali la haki na walilijadili palepale. Mzee Yav aliamua kwamba anayepandia hapa na kushukia hapahapa si msafiri, na kwa kuwa uzito unamchelewesha Numbi mwenyewe, hakuna anayeonewa. Wakaridhika. Lise peke yake ndiye aliyeondoka, akaenda kukaa nyumbani kwake na mlango umefungwa.

Numbi aliendesha polepole kwenye mashimo, kama anavyotakiwa mwenye mke mjamzito. Mikono ya Béthanie ilikuwa kiunoni kwake, na ilikuwa ya moto, si kama watu wanavyosema habari za wafu. Wakafika kwenye mnara. Pale hospitali inaonekana, mabati yake na miti yake ya mikalitusi, mbele kidogo ya kamba ya Théo. Béthanie akamsogezea mdomo sikioni.

"Numbi, tunafika?"

Numbi alisema wanarudi. Akauzunguka mnara, akarudi. Kwenye kamba alikabidhi fimbo, na fimbo ilipotoka mkononi mwake kiti cha nyuma kikawa kitupu, springi zikapanda.

Ikawa hivyo kila Jumapili ya mashindano. Anapokea fimbo, mke anapanda. Kwenye mnara anauliza kama wanafika, kwa sauti ileile, bila lawama ndani yake hata kidogo, kama mtu anayeuliza kama chumvi imetosha. Numbi anasema wanarudi. Alijaribu siku za kazi kwenda pale na Saroléa peke yake, akakuta njia iko wazi, baiskeli za mkaa zinapita, na Béthanie hayupo. Alimwomba mzee Yav fimbo siku ya Jumatano, akapewa, akakaa juu ya pikipiki na fimbo mkanda­ni mpaka watu wakaanza kumwonea huruma. Hakuja. Alikuwa anakuja tu njia ikiwa imefungwa.

Numbi akakonda. Akawa analala na upande wa mke wake wa kitanda haugusi. Fanali ilikwenda kwa mwenye Jawa, na hata hakwenda kuiangalia.

Mwisho wake aliitisha mkutano. Walikutana nyumbani kwa mzee Yav, chini ya picha ya treni, wakapewa kahawa. Numbi alisimama akasema shida yake kwa ufupi. Alitaka kamba iondolewe. Kama haiwezekani kuondolewa, basi mashindano yahamie njia nyingine, na kama hakuna njia nyingine, basi ishushwe kwa mgonjwa. Alisema mke wake anamuuliza swali moja kila mara na yeye jibu lake limemchosha roho.

Hakuna aliyebisha kwa ukali. Walimwonea uchungu kweli, na wengine walifuta macho. Mzee Yav akaanza kueleza habari ambayo wote waliijua lakini waliisikiliza upya kwa heshima. Akiwa kijana, kwenye stesheni ndogo ya porini, mkuu wake wa kazi aliletewa mama aliyeumwa na nyoka. Njia ilikuwa na treni ndani. Mkuu akasikia huruma, akamweka yule mama kwenye kitoroli cha reli na wanaume wanne wa kukisukuma, akawaachia njia bila fimbo. Treni iliwakuta darajani. Yav ndiye aliyetumwa kuokota.

"Huruma njo iliuaka bantu pale," alisema. "Minyi niliokota. Sasa nakuuliza weye, Numbi, mutoto ya reli. Ukiwa ndani, na fimbo mu mukono yako, unataka muntu aingie?"

Mtu yeyote wa Kamina ambaye baba yake hakuwa wa reli angejibu upesi kwamba njia ya tuta si reli, kwamba pikipiki inaweza kusimama, kwamba mwenye macho atamwona mwenzake anakuja. Hilo ni kweli na ni rahisi, na ndani ya chumba kile hakuna hata mmoja aliyeweza kulifikiria. Walinyonya sheria ile pamoja na maziwa. Numbi alijibu kwamba hapana, hataki mtu aingie.

Wakapiga kura ya mikono. Mikono yote ilipanda, na mkono wa Numbi ulikuwa mmojawapo. Kisha wakachanga mawazo jinsi ya kumsaidia, na wakakubaliana kiti cha Saroléa kitiwe godoro dogo ili Béthanie asiumie kwenye mashimo. Kabamba alilishona mwenyewe kwa mkono, kwa ngozi nzuri.

Mashindano yaliyofuata Béthanie alilikalia lile godoro na kumshukuru shemeji yake. Wafwako, alimwambia. Kabamba alimkabidhi Numbi fimbo, akageuza uso. Treni ya mizigo ilikuwa kwenye kivuko tena, imekuja Ijumaa na kuachwa. Numbi aliiona. Aliwaza kuhusu kamba nyuma yake, halafu akaona ni Jumapili, watu wako kanisani au mezani, nani ataumwa. Akawasha.

Kwenye mnara mke wake alimsogezea mdomo sikioni akauliza kama wanafika.

"Tunafika," Numbi alisema.

Hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya Théo, akaitoa fimbo mkandani na kuiinua juu. Théo aliitazama fimbo. Mwenye fimbo hasimamishwi, hata kama amekosea uelekeo, kwa hiyo akashusha kamba, wakapita. Béthanie alimkaza mume wake kiunoni. Njia ya hospitali ina kokoto na mteremko mdogo, na Numbi aliushuka huku machozi yanamziba macho, ana furaha ambayo hajawahi kuwa nayo tangu amezaliwa na hofu ya ukubwa uleule.

Mkunga wa zamu alikuwa mlangoni anakausha mikono. Alimwangalia Béthanie, akaligusa tumbo lake, akauliza kama wamekuja na vitu. Pale mgonjwa huja na vyake. Béthanie akafungua furushi alilokuwa amelibeba muda wote ule, na kila kitu kilikuwamo: glovu, pamba, wembe mpya, sabuni, beseni la plastiki, vikwembe viwili na kofia ya sufi ya manjano. Mkunga alisema vizuri, wangekuwa wote wanajiandaa hivi kazi ingekuwa rahisi. Akamshika mkono, wakaingia. Numbi akaambiwa akae kwenye benchi.

Alikaa. Fimbo ilikuwa mapajani. Alijua kwamba ilikuwa pale, na alijua Kabamba yuko wapi na amefanya nini na kamba yake. Mara mbili alisimama ili airudishe. Lakini fimbo ikitoka kwake kitanda kingebaki kitupu kama kiti kilivyokuwa kikibaki kitupu, na mle ndani alikuwa anamsikia mke wake akihema na mkunga akimwambia bado, bado, sasa. Akakaa tena. Jua liliondoka kwenye benchi likaingia kwenye ukuta. Kisha mtoto akalia. Alilia kwa nguvu, kilio cha mtoto mwenye afya, na Numbi akaweka mikono miwili mdomoni.

Mkunga alipotoka alikuwa anafuta beseni.

"Bameenda," alisema. "Bote babili. Alikuwa mutoto mwanamuke."

Numbi alimuuliza kama mke wake ameacha neno. Mkunga akafikiri kidogo, kwa sababu siku ile alikuwa na wengine wawili ndani. Alisema ndiyo, aliuliza jambo moja akiwa ameshamshika mtoto. Aliuliza kama mume wake alimaliza mashindano.

"Nikamujibu minyi sijue," alisema mkunga. Akamrudishia beseni, na kofia ya manjano ambayo haikutumika.

Numbi alirudi. Théo alishusha kamba yake, akaipandisha nyuma yake. Numbi alipita mnara bila kuutazama, akapita kona, na alipoikaribia kamba ya Kabamba aliona watu wengi wamesimama kimya, akaelewa kabla hajawafikia. Mguta mmoja, baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, ulikuwa umeegeshwa mbele ya kamba. Ulikuwa wa Abedi, muuza samaki wakavu wa Kinkondja. Juu yake, kati ya magunia, mama yake, aliyeitwa Asma, alikuwa amelala, mtandio umefunika uso.

Alibanwa kifua baada ya chakula cha mchana. Abedi alijaribu kwenye kivuko, treni ipo. Akaja hapa. Abedi si mtoto wa reli, baba yake na babu yake walikuwa wafanyabiashara waliokuja kutoka Maniema, na alibishana na Kabamba kwa maneno makali, akamwita muuaji, akasema tuta hili ni ardhi ya Mungu na si njia ya treni. Akataka kukata kamba kwa kisu chake cha samaki. Wenye pikipiki walimshika mikono kwa upole. Walimwambia njia iko na mtu ndani. Walimwambia fimbo inakuja sasa hivi. Walimpa mama yake maji na kumpepea kwa kofia zao mpaka mwisho.

Numbi alimkabidhi kaka yake fimbo. Kabamba akaipokea, akashusha kamba, na njia ikawa wazi. Abedi hakuingia. Aligeuza mguta wake, akaanza kuusukuma kurudi nyumbani, na wanaume wawili wakamsaidia kwa nyuma. Numbi alifuata mazishi kwa mbali jioni ile, kofia ya manjano iko mfukoni, na huko pia hakuna aliyemtukana. Abedi tu ndiye aliyemwangalia, na akaondoa macho.

Mzee Yav aliitisha mkutano mfupi. Ilionekana kwamba kila mtu alifanya kazi yake. Numbi alikuwa na fimbo, kwa hiyo alikuwa na haki ya njia. Théo alimpitisha mwenye fimbo. Kabamba alishika kamba. Walimpigia Numbi alama ya kujitoa, maana hakuzunguka mnara, naye akakubali. Mtu mmoja alisema itafutwe njia ya kuomba wenye treni wasiiache kwenye kivuko, na wote wakasema ni wazo zuri. Treni iliondoka Jumanne, na Alhamisi ikaja nyingine.

Jumapili ya mashindano ilipofika, Numbi alisukuma Saroléa mpaka kwenye kamba. Alisimama karibu na mahali pa kikwembe, akangoja. Aliangalia pembeni ya njia, kisha akaangalia tena. Alijua kwamba Béthanie hatakuja, kwa kuwa alishafika. Hilo ndilo alilolitaka na ndilo alilolipata, na sasa hata swali lake hatalisikia tena sikioni. Alilia mbele ya watu, mwanaume wa umri wake, mikono juu ya usukani. Wenzake walimngoja amalize.

Ndipo mama Asma akatoka pale mguta ulipokuwa umeegeshwa. Alikuwa na mtandio wake na kandambili zake, mkono mmoja kifuani. Aliwapa watu salamu, wakaitikia. Akaja mpaka kwenye Saroléa, akaligusa godoro la ngozi kuona kama ni imara.

"Mwanangu," alimwambia Numbi, "banasema weye njo unapelekaka bantu ku lopitalo."

Numbi alimtazama kaka yake. Kabamba alimtazama mzee Yav. Mzee Yav alichungulia njia mpaka kwenye kona, akasema iko wazi, hakuna mtu ndani. Kabamba akatoa fimbo. Numbi hakuipokea mara moja. Kule sokoni Abedi alikuwa anauza samaki wake, na Numbi aliwaza kwamba pengine kesho mtoto wa watu atamuuliza kama mama yake alifika.

Akaichukua, akaichomeka mkandani. Mama Asma alipanda, miguu upande mmoja, akamshika kiunoni, springi zikashuka. Wakaondoka. Nyuma yao Kabamba alipandisha kamba, na waliokuwa wakija na njia ile wakasimama kungoja.